Mistari ya Zambarau Tumboni mwa Mbula

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka bomani. Punda wawili walikuwa mbele. Magodoro ya watoto yalikuwa juu, na watoto wenyewe, Kiilu na dadake mdogo Muthoki, waliketi juu ya magodoro. Baba yao, Mutiso, aliongoza punda. Nyuma alifuata bibi yao, Ndululu, mamake Mutiso. Alibeba rundo la viondo vipya, vikapu vya katani, mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso. Mikononi alikuwa na kiondo kingine ambacho hakijaisha, na alikisuka huku akitembea, kama wanawake wa huko walivyozoea.

Hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka atamwona Mbula, mke wa Mutiso, amesimama kwenye mlango wa jiko la zamani, mkono mmoja umeshika mlango na mwingine umeshika tumbo.

Mbula aliita mara moja tu.

"Mwaitu! Hao watoto wakifika Tulia, mimi Nairobi sirudi. Nitakwenda kutafuta uhai wa nini?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo Mbula alivyomwita mamamkwe wake tangu alipoolewa.

"Sikuchukii, mwanangu," Ndululu alijibu bila kusimama. "Naogopa moto."

Mwaka ulikuwa 1981, na Pasaka ilikuwa imepita. Watu hawa walikuwa wa Tulia, upande wa Kitui. Walikuja kutafuta shamba Makueni, wakalipata ng'ambo ya mto Kambu, wakajenga. Jamaa wengi walibaki Tulia, na huko ndiko watoto walikuwa wanapelekwa. Lori la Ndeti lilikuwa linapakia ndengu, yaani choroko, pale Kambu, kwenye barabara ya Mombasa. Mchana lingeondoka kwenda Kitui, na watoto wangekuwa juu ya magunia.

Mambo yalianza hivi. Mwanzo wa mwaka Mbula alianza kutokwa na damu wakati ambao si wake. Alinyamaza, kama wanawake wengi wanavyonyamaza. Aliposhindwa kunyamaza, zahanati ilimpeleka hospitali, na hospitali ikampeleka Nairobi. Huko aliambiwa ana kansa ya mlango wa kizazi. Haijaenda mbali, walisema. Akitibiwa mpaka mwisho anaweza kupona.

Basi kila siku ya kazi alilazwa chini ya mashine kubwa. Mashine haikumgusa. Haikumuuma. Daktari alimchora mistari ya wino wa zambarau tumboni, ili mashine ipige mahali pale pale kila siku. Akamwambia, "Mistari hii usiifute."

Pasaka ilipofika, mashine ilipumzika. Mbula aliruhusiwa kwenda kuona watoto, arudi Jumanne. Alitoka pamoja na Kamene, mama wa Mwingi aliyelala kitanda cha jirani, mwenye ugonjwa kama wake. Waliagana stendi. "Jumanne, dada." "Jumanne."

Lakini nyumbani walikuja akina mama wa kanisa kumwombea. Kiongozi wao alikuwa Mama Kilonzo, mtu wa imani kubwa na sauti kubwa. Walipofunua kitenge ili wamwekee mikono tumboni, waliona mistari, na katikati ya mistari, msalaba mdogo wa wino.

"Mbula! Nani amekuchora?"

"Ni hospitali."

"Hospitali huchora watu? Anayechora watu ni mganga. Umepitia kwa mganga wewe, usitudanganye mbele ya Mungu."

Kanisa lile halikuwa na mchezo na mambo ya waganga. Ndululu mwenyewe ndiye aliyeleta maji ya moto na sabuni ya mche. Walimsugua Mbula mpaka mistari ikaisha, kisha wakampaka mafuta ya kondoo. Ngozi ile ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. Sasa ikachubuka. Akina mama wakatazamana. Mtu ameungua na hakuna moto uliomgusa!

Halafu Muthoki, aliyekuwa akilala na mamake, akaanza kujikuna mikono. Ndululu aliona vipele. Alisema Mbula ameleta moto wa ile mashine nyumbani, na sasa unaingia kwa watoto. Mbula akahamishiwa jiko la zamani, akapewa sahani yake peke yake. Jumanne ikapita akiwa pale. Wiki ikapita.

Walipofika Kambu, lori lilikuwa bado linapakiwa. Ndululu alimwambia Mutiso asimamishe punda kwenye duka la Irungu, apeleke viondo kwanza. Mke wa Irungu, Bilha, ndiye aliyekuwa akivinunua. Hawa walikuwa watu wa Nyeri waliohamia Kambu. Irungu aliuza mafuta ya taa na kuziba pancha. Bilha aliwahi kuwa nesi Nairobi miaka mingi. Ndululu alijua hilo, lakini wawili hao walizoea kuongea habari za viondo tu.

Irungu aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu la baiskeli.

"Mwaitu, leo umeleta viondo ama umehama? Naona mpaka magodoro."

"Ziba pancha yako, Irungu. Mke wako yuko?"

Bilha alitoka akifuta mikono. Aliangalia mkokoteni, akaangalia watoto, akamwangalia Mutiso, ambaye aliinamisha macho.

"Mama yao yuko wapi? Nilisikia yuko Nairobi anatibiwa."

"Alirudi Pasaka," Ndululu alisema. "Alirudi na moto wa ile mashine ya kansa. Ona mwenyewe mkono wa mtoto."

Bilha alishika mkono wa Muthoki. Aliangalia katikati ya vidole, kisha kwenye kiwiko.

"Unajikuna sana usiku?"

"Eeh," Muthoki alisema.

"Huu ni upele, Mwaitu. Ni upele ule wa kila siku wa watoto wa shule. Una mdudu wake, na dawa yake iko zahanati. Hata Kiilu anao, ona hapa. Kiilu, wewe hulala na mamako?"

"Mimi? Mimi ni mkubwa. Nalala na susu," Kiilu alisema. Susu ni bibi.

"Basi labda susu ndiye ana moto," Irungu alisema, akacheka peke yake.

Ndululu hakucheka. Aliketi kwenye gunia.

"Sawa, huo ni upele. Lakini Mbula ameungua. Nimeona kwa macho. Na yeye mwenyewe alisema, wakiwasha ile mashine, wafanyakazi wote wanatoka chumbani, wanafunga mlango mnene kama ukuta. Kama haina ubaya, wanakimbia nini?"

"Umeuliza vizuri," Bilha alisema. "Sijasema haina ubaya. Nipe uzi."

"Uzi gani?"

"Ule wa kiondo chako."

Ndululu alitoa nyuzi za katani kwenye mfuko. Bilha aliwaita Mutiso na watoto wakaribie.

"Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Huwezi kuviona kwa macho. Ni vingi kuliko mchanga wote wa mto huu wa Kambu. Ndani ya kila seli kuna uzi mwembamba. Wataalamu huuita DNA. Sasa Mwaitu, uzi wa kiondo unausokota vipi?"

"Maswali gani haya? Nachukua nyuzi mbili, nazisokota pajani, zinashikana."

"Na ule wa ndani ya seli ni hivyo hivyo. Ni nyuzi mbili zimejisokota pamoja. Kazi yake ni kushika mpango wa mwili. Wewe ukisuka kiondo unajua: hapa nyekundu, hapa nyeusi, hapa nyeupe. Seli nayo inasoma uzi wake ijue ifanye kazi gani, na igawanyike lini iwe mbili. Kansa ni seli ambayo mpango wake umeharibika. Haijui kuacha. Inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka inasonga zile nzuri."

Bilha alichukua wembe dukani. Aliukata uzi mmoja tu kati ya zile mbili zilizosokotana.

"Umekatika?"

Ndululu aliuvuta. "Upande mmoja. Mwenzake bado anashika. Huu naurudishia hapa hapa, hata hutaona."

"Ndivyo seli inavyofanya. Ina mafundi wake ndani. Wanatazama uzi mzima, wanajaza palipokatika. Sasa angalia."

Alikata nyuzi zote mbili mahali pamoja. Vipande viwili vikaachana. Kimoja kilianguka mavumbini, na Ndululu akainama kukiokota.

"Na huu?"

Ndululu aligeuza vipande mkononi.

"Huu ni kazi. Naweza kufunga fundo. Lakini kama uzi una rangi, mpango wa rangi utapotea. Kiondo kitakwenda kombo."

"Hiyo ndiyo kazi ya ile mashine. Inatoa mwanga ambao macho hayauoni. Mwanga huo ni mkali, unapita ndani ya nyama, unakata nyuzi za seli. Mara nyingine unaugonga uzi wenyewe. Mara nyingi unagonga maji, kwa sababu seli imejaa maji. Maji yakipigwa yanapasuka, na vipande vyake vina hasira kama nyuki waliotikiswa mzingani. Vinauma chochote kilicho karibu. Uzi ukiwa karibu, unaumwa. Kisha vipande vinaisha hapo hapo, kabla hujafumba jicho."

"Sasa mwanga huo si unakata hata seli nzuri?" Mutiso aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu watoke nyumbani.

"Unakata. Ndiyo maana ngozi inakuwa nyeusi na tumbo linaharisha. Lakini seli nzuri zina mafundi wazuri. Ukizipa usiku mmoja, zinaunga nyingi. Seli za kansa zina mafundi wabaya, tena zina haraka. Zinaenda kugawanyika na uzi umekatika, na hapo ndipo zinakufa. Kwa hivyo daktari anapiga kidogo leo, kidogo kesho, kidogo kesho kutwa. Nzuri zinapumua, mbaya zinazidi kupungua."

Bilha aliweka wembe chini.

"Lakini wiki nzima bila mashine, hata fundi mbaya anapata nafasi. Hii wiki Mbula yuko nyumbani, kansa nayo imekaa inasokota uzi wake. Mnaelewa ninachosema? Kila siku anayokaa pale, mnaipa nafasi."

Ndeti alipiga honi ya lori. Hakuna aliyeinuka.

"Hujajibu habari ya mlango," Ndululu alisema.

"Najibu. Seli nzuri ikikatwa nyuzi zote mbili na ikaunga kombo, haifi kila mara. Inaweza kukaa miaka, halafu iwe kansa. Ndiyo maana mwanga huo haupigwi mtu bila sababu. Mbula anapigwa kwa kipimo, kwa sababu ana kitu cha kuua. Mfanyakazi hana. Na akibaki chumbani na kila mgonjwa, kila siku, mwaka baada ya mwaka, ataumia. Kwa hivyo anatoka."

"Na Mbula akitoka chumbani, habebi mwanga?"

"Mwaitu, ukitoka shambani jua limekuchoma, ukaingia nyumbani, unawaletea watoto jua?"

Ndululu alifikiri. "Naleta ngozi iliyochomeka. Jua linabaki nje."

"Umesema mwenyewe. Mashine ikizimwa, mwanga umekwisha. Hakuna kinachobaki mwilini mwake cha kumpa mtoto. Kuna wagonjwa wengine ambao dawa yenye mwanga inawekwa ndani ya mwili. Hao hospitali yenyewe inawazuia wasikae na watu mpaka wakati wao. Mbula, kama mnavyosema, anatibiwa na mashine ya nje tu. Alale na watoto wake."

"Mimi nimelala na huyu," Irungu alisema kutoka kwenye gurudumu lake, "miaka yote akiosha wagonjwa wa mashine. Kama moto huo unaambukiza, ningekuwa majivu kitambo."

Safari hii Mutiso alicheka. Bilha akauliza, "Ile mistari yake ya wino bado iko?"

Kicheko cha Mutiso kilikatika. Ndululu aliangalia mikono yake.

"Tuliiosha. Na sabuni. Tulifikiri ni ya mganga."

"Na mkampaka?"

"Mafuta ya kondoo."

Bilha hakupandisha sauti.

"Ile mistari ndiyo inaonyesha mashine mahali pa kupiga. Bila mistari inaweza kukosa kansa ikapiga penye uzima. Sasa wataanza kupima upya. Na ngozi ile haitaki kusuguliwa wala kupakwa chochote hospitali haijasema. Msisimame hapa, Mwaitu. Geuzeni punda."

Ndululu alisimama. Aliwaendea watoto, akavuta blanketi likawafunika miguu. Kisha alimwambia mwanawe, "Nenda umwambie Ndeti aende na ndengu zake."

Walirudi jua likiwa kali. Mbula hakuwa mlangoni. Alikuwa amelala ndani ya jiko la zamani, uso ukutani. Sahani yake ilikuwa chini, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nusu umebaki na umepoa.

"Nimerudi na watoto," Ndululu alisema.

Mbula hakugeuka. "Lori limeharibika?"

"Lori ni zima. Ni mimi nilikuwa nimeharibika." Alijaribu kueleza habari ya uzi, ya wembe na ya nyuki, lakini maneno yalimtoka kichwa chini miguu juu. Mbula alisikiliza akiwa bado ameangalia ukuta.

"Mwaitu, jana uliniambia nisiguse ndoo ya maji. Leo unaniambia nyuki. Niamini gani?"

Ndululu aliketi sakafuni, akavuta ile sahani, akaanza kula. Alikula kwa kijiko kile kile cha Mbula. Mbula alisikia sauti ya kijiko, akageuka.

"Hayo ni mabaki yangu!"

"Naona. Na mimi tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni." Alikula mpaka mwisho. "Muthoki! Njoo hapa kwa mamako. Leta na godoro lako."

Muthoki alikuja akiburuta godoro. Mbula alifunika uso kwa kitenge, akalia. Aliponyamaza, aliuliza, "Basi la Nairobi linapita Kambu saa ngapi?"

Jioni Mama Kilonzo alikuja na wenzake, nyimbo mdomoni. Ndululu aliwakuta njiani.

"Mama Kilonzo, ile haikuwa ya mganga. Ilikuwa alama ya daktari. Tulifuta njia ya dawa, mimi na wewe."

"Mimi niliona msalaba wa wino, nikajua..." Mama Kilonzo aliacha. "Tulimsugua sana," alisema kwa sauti ndogo ambayo watu hawakuizoea. "Anasafiri lini?"

"Kesho."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi watoto na mbuzi ni kazi yetu. Na tutaomba. Lakini hatutamfunua tena."

Kesho yake Ndululu alikaa kwenye benchi la hospitali, kiondo magotini. Daktari alimwangalia Mbula, akauliza mistari iko wapi, akaambiwa ukweli. Alikasirika, kisha akashika kalamu. Alisema wiki iliyopotea haiwezi kurudishwa, lakini wataongeza siku mwishoni, na wataona. Hakuahidi kitu. Walipima upya, wakachora upya.

Ndululu aliona ule mlango mnene ukifungwa. Aliwaona wafanyakazi wametoka. Safari hii alijua kwa nini wametoka. Alisokota uzi pajani mpaka mlango ukafunguliwa. Mbula alipotoka alimshika mkono, akamwongoza mpaka kitandani mbele ya watu wote. Kitanda cha Kamene kilikuwa na mgonjwa mwingine. Waliuliza habari zake. Hakuna aliyejua.

Mbula alimaliza matibabu. Damu ilikoma. Ngozi iliyochubuka ilipona, ikabaki nyeusi kidogo. Alikwenda kupimwa kila alipoitwa, na kansa haikuonekana tena. Hedhi yake iliisha kabla ya wakati, kwa kuwa mwanga ulifika mpaka kwenye mayai ya uzazi, na hakuzaa tena. Daktari alikuwa amemwambia hivyo mapema. Mwaka wa 1996 alikuwa bado analima pale pale ng'ambo ya mto.

Upele wa watoto uliisha kwa dawa ya zahanati. Kiilu aliajiriwa na kampuni ya malori Mtito Andei. Muthoki aliolewa Wote. Mutiso alizeeka shambani, akawa mtu wa kusema machache kama zamani.

Irungu na Bilha waliuza duka, wakarudi Nyeri.

Mama Kilonzo aliongoza akina mama wa kanisa mpaka alipofariki. Mwanamke akitokwa na damu wakati si wake, alikuwa anamtuma zahanati kwanza, kisha anamwombea.

Ndululu alifariki mwaka wa 1990, kwa uzee. Jiko la zamani lilibomolewa, na matofali yake yakajengewa choo.

Kamene wa Mwingi hakurudi Nairobi baada ya Pasaka ile. Alizikwa mwaka ule ule, kabla ya mvua ya Novemba. Watoto wake walikuwa wameshapelekwa kwa watu.